Maandishi Yetu Yasije Yakawa Fumbo

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nami kwa ruhusa yao ningependa kuongeza kuwa hata daftari lenyewe likikosa msomaji, hasara ni ile ile. Daftari laweza kuwapo, tena mbele ya macho yako, na habari usizipate. Ndugu msomaji, hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili katika ukurasa huu: maandishi ya kale ya Kiswahili, yale yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo wengi wetu tunaojiita wapenzi wa Kiswahili hatuwezi kuyasoma hata mstari mmoja. Maoni yangu ni kuwa chama chetu kianze kujifunza kuyasoma, tena kianze mwaka huu.

Najua wapo watakaoguna, "Huyu naye ametoa wapi mambo haya?" Subirini kidogo. Kabla sijafika pwani yetu, wacha niwapeleke kwanza Ugiriki ya kale, kwa sababu huko jambo ninalolihofia lilitokea likafika mwisho wake. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Karne nyingi kabla ya akina Socrates na Plato, Ugiriki ilikuwa na falme ndogondogo zilizotawaliwa kutoka kwenye majumba makubwa ya mawe. Jumba lililovuma zaidi lilikuwa Mycenae, na ndiyo sababu ustaarabu wote huo ukapewa jina lake. Mengine yalikuwa Pylos, Tiryns, Thebes, na Knossos katika kisiwa cha Krete. Makarani wa majumba haya waliandika hesabu juu ya vibao vya udongo mbichi. Mtindo wao wa kuandika waliuazima kwa watu wa Krete, ambao lugha yao ilikuwa nyingine kabisa, wakaulazimisha uandike Kigiriki. Wataalamu huyaita maandishi hayo Linia B. Yale ya Krete yaliyotangulia wanayaita Linia A, na hadi leo lugha yake haijajulikana.

Je, makarani hao waliandika nini? Si mashairi, wala si hadithi za vita. Waliandika kondoo, mafuta, magurudumu, ngano, na posho ya tini na nafaka waliyopewa wanawake wafanyakazi na watoto wao. Huko Knossos, kondoo walioandikwa vibaoni wakijumlishwa wanakaribia 100,000! Tena kuna vibao vilivyotaja maksai wa kulimia kwa majina yao. Mmoja aliitwa Podargos, yaani mwenye miguu myeupe, na mwingine Kelainos, yaani mweusi. Wenzetu mliolelewa kwenye boma za wafugaji mtacheka, maana hata hapa Bonde la Ufa ng'ombe huitwa kwa rangi yake.

Mnamo mwaka 1200 K.K. au karibu na hapo mengi ya majumba hayo yalianguka, mengine yakateketea kwa moto. Moto huo ndio uliovichoma vile vibao vikawa vigumu kama vyungu, vikadumu ardhini. Lakini waliojua kuandika walikuwa makarani wachache tu wa majumba. Majumba yalipokwisha, makarani wakaisha, na maandishi yakafa. Wagiriki walikaa karne kadhaa bila kuandika, hadi walipoazima herufi za Wafoinike katika karne ya nane K.K. Lugha yao haikufa, waliendelea kuizungumza kila siku. Kilichokufa ni uwezo wa kusoma yale ambayo babu zao waliandika kwa lugha hiyo hiyo. Ndugu msomaji, likumbuke neno hilo, kwa sababu nitalirudia.

Mwaka 1900 Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba Knossos akavipata vibao. Alivikalia miaka arobaini. Alichapisha vichache tu, vingine wataalamu wenzake hawakupata kuviona, na alipofariki mwaka 1941 alikuwa hajavisoma. Kisha Alice Kober, mwalimu wa chuo huko Brooklyn, Marekani, akaishika kazi hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi ilikuwa adimu, basi mama huyu akakata kadi kutoka kwenye karatasi yoyote aliyoipata, akazijaza kadi zipatazo 180,000 na kuzipanga ndani ya makasha ya sigara. Yeye aligundua kuwa kuna maneno yaliyofanana shina lakini yakabadilika mwishoni. Ni kama mgeni asiyejua Kiswahili akiona mtu na watu, mtoto na watoto, mgeni na wageni. Hata kama hajui maana, atatambua kuwa lugha hii hubadilisha maneno kwa kanuni. Tofauti ni kwamba sisi hubadilisha mwanzoni nao walibadilisha mwishoni. Alice Kober alifariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 43, kazi haijakamilika.

Aliyeikamilisha hakuwa hata profesa. Michael Ventris alikuwa msanifu majengo. Alianza kuvipenda vibao hivyo mwaka 1936, akiwa mwanafunzi wa miaka 14, baada ya kumwona Evans kwenye maonyesho London. Miaka kumi na minne! Hiyo ni rika ya wadogo zetu. Tarehe 1 Julai 1952 akatangaza kwenye redio ya BBC kuwa lugha ya vibao ni Kigiriki. Wengi hawakuamini. Lakini mwaka uliofuata kikasomwa kibao kutoka Pylos kilichokuwa na picha ya chungu cha miguu mitatu, na kando yake neno linalosomeka ti-ri-po-de, ambalo kwa Kigiriki ni vyungu vya miguu mitatu. Ubishi ukapungua sana.

Tazameni neno hilo lilivyoandikwa. Linia B ni maandishi ya silabi: alama moja ni silabi moja, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kigiriki kina konsonanti zinazofuatana, kwa hiyo makarani walilazimika kuchomeka irabu, na mji wa Knossos ukawa ko-no-so. Kwa hakika maandishi hayo yangalitufaa sisi kuliko wao! Na-ku-ru lingeandikwa kwa alama tatu bila taabu, na ma-ta-tu vivyo hivyo. Hata hivyo yalikuwa na kasoro zake. Hayakutenga r na l, kwa hiyo kura na kula yangefanana. Hayakutenga p na b, kwa hiyo kupata na bata ungelazimika kubahatisha, kama karani alikusudia umepata mchuzi au unakula bata.

Sasa turudi nyumbani. Jambo lililowapata Wagiriki, la kuazima herufi zilizoundwa kwa lugha nyingine, ndilo lililoupata Uswahilini. Herufi za Kiarabu ni 28, nazo zina irabu tatu tu: a, i na u. Kiswahili kina irabu tano. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g ya gari, wala ng' ya ng'ombe. Waandishi wa pwani wakajitahidi. Wengi waliandika p kwa herufi ya b, na v kwa herufi ya f. Wengine wakaongeza nukta ili kutofautisha. Kwa hiyo katika hati nyingi za zamani pata na bata hufanana, kama vile tu ambavyo vingefanana katika vibao vya Knossos. Vua samaki na fua nguo hufanana. Chora na chura hufanana. Msomaji alitegemea kuijua lugha ndipo aelewe.

Na waliandika mengi. Barua za Kiswahili zilizo kongwe zaidi kati ya zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, na zimehifadhiwa Goa, nchini India. Utendi wa Tambuka una hati yenye tarehe inayolingana na mwaka 1728. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa vinywani mwa watu, na huenda yangalipotea kama si Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, kuyakusanya na kuyaandika kwa herufi hizo akishirikiana na mmishonari William Taylor. Diwani ya Muyaka ilikuja kuchapishwa mwaka 1940. Tunapokariri Muyaka leo, tunakula matunda ya kalamu ya Mwalimu Sikujua.

Nayasema haya kwa sababu kuna uongo unaozunguka hata madarasani. Utasikia mwanafunzi akisema, tena kwa sauti ya kujiamini, ati Kiswahili hakikuandikwa hadi wamishonari walipokuja. Kwani hesabu hatujui? Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Barua za Kilwa ni za 1711. Kati yake ni miaka 133. Uongo huo haudumu kwa sababu una nguvu. Unadumu kwa sababu ushahidi wa kuukanusha uko katika herufi ambazo hatuzisomi.

Mtaniuliza, zilitoweka vipi? Wamishonari waliandika vitabu vyao kwa herufi za Kirumi. Wajerumani huko Tanganyika mwanzoni walizitumia herufi za Kiarabu katika barua za serikali, kisha wakaziacha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha, na tahajia tunayoitumia leo ikaenea shuleni. Sipendekezi turudi nyuma, la hasha! Herufi za Kirumi zinatufaa sana, zina irabu zetu zote tano. Ninachosema ni kwamba kupata mlango mpya si sababu ya kuutupa ufunguo wa ule wa zamani, wakati mali bado imo ndani.

Wengine watasema sisi ni watu wa bara, mambo ya pwani yatuhusu nini? Basi tutazame hapa hapa. Kilima cha Hyrax Hill kiko karibu na mji wetu, na wengi wetu tumekipita kwa matatu tukienda Gilgil. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akapata makaburi, vyombo na misingi ya makao ya watu wa kale. Mpaka leo kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Mwaka 1938 yeye na mumewe Louis walichimba pango la Mto Njoro, wakapata mabaki ya watu wengi waliochomwa katika maziko, na pamoja nao shanga na mabakuli ya mawe. Watu hao wa Njoro waliishi takriban miaka 3,000 iliyopita, si muda mrefu baada ya Pylos kuteketea.

Linganisheni basi. Huko Knossos tunajua jina la maksai. Hapa Njoro hatujui jina la mtu hata mmoja. Hatujui waliitana vipi, waliimba nini, wala aliyevaa zile shanga alikuwa binti wa nani. Sisemi kuwa walikuwa wajinga. Wanaochonga bakuli kutoka kwenye jiwe si wajinga. Ila hawakuandika, na masimulizi yao hayakutufikia.

Kwa hiyo kuna hali tatu. Njoro hakukuwa na maandishi. Knossos kulikuwa na maandishi lakini wasomaji waliisha, ikachukua zaidi ya miaka 3,000 na akili za watu wengi kuyafumbua. Pwani yetu ina maandishi na bado ina wasomaji, lakini wanapungua. Hati zenyewe si udongo uliochomwa, ni karatasi. Moto ulivihifadhi vibao vya Pylos, lakini moto wa jiko moja tu unaweza kumaliza hati za ukoo mzima, na mchwa hawangoji moto. Zipo hati zilizohifadhiwa vyema London, Hamburg na Dar es Salaam, na siku hizi picha za baadhi yake zaonekana kwenye intaneti. Lakini mtu asiyejua herufi akionyeshwa picha hizo ataona mikunjo na nukta, kama Evans alivyoona mikwaruzo.

Nakumbusha tena: lugha ya Wagiriki haikufa. Waliendelea kusema na kuimba huku hawawezi kusoma maandishi ya babu zao. Sisi pia tunasema Kiswahili kila siku. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Kusema pekee hakutatuokoa.

Pingamizi ya kwanza nitakayoisikia ni mtihani. "Hayo yatatoka kwenye KCSE?" Hayatatoka. Lakini mashairi yanatoka, na kila mwaka tunalalamika kuwa lugha ya mashairi ya zamani ni ngumu. Sehemu ya ugumu huo inatokana na namna yalivyofika kwetu. Mtu fulani alikaa na hati, akafikia neno linaloweza kuwa pata au bata, akaamua. Akiamua vibaya, sisi tunakesha tukitafuta maana ya kosa lake. Anayeweza kuitazama hati yenyewe anaweza kuuliza swali. Asiyeweza ataamini tu.

Pingamizi ya pili husemwa kwa kunong'ona: hayo si mambo ya dini ya wenzetu? Mimi huenda kanisani kila Jumapili, na naijibu bila wasiwasi. Herufi hazina dini. Herufi hizi tunazoandikia Kiswahili leo zilitumiwa na Warumi kuwaandikia miungu yao, na hakuna mchungaji aliyetukataza kuzitumia. Ni kweli kuwa tenzi nyingi za kale zina mambo ya dini, lakini kwa herufi hizo hizo watu wa pwani waliandika barua za biashara, mashairi ya mapenzi, na vijembe vya Muyaka kwa mahasimu wake.

Kuna jambo lingine linaloniuma hapa. Wako wenzetu darasani waliosoma madrasa tangu utotoni. Wanazijua herufi zote 28. Hatujawahi kuwauliza. Tunawaona kama watu wenye somo lao la nyumbani lisilohusiana na Kiswahili chetu, na wao wenyewe wengine hawajui kuwa kile walichofundishwa kinaweza kufungua hati ya mwaka 1728. Ufunguo umekaa dawati la tatu kutoka dirishani nasi tunapita tu.

Ninapendekeza hivi. Kila wiki chama kijifunze herufi mbili, tukianza na zile rahisi. Kwa wiki 14 tutakuwa tumezimaliza, na muhula wa kwanza unatosha ama unakaribia kutosha. Walimu wawe wenzetu hao wa madrasa, na mwalimu mlezi wa chama atusimamie. Muhula wa pili tuandike majina yetu na methali, kisha tubadilishane tuone kama mwenzako anasoma ulichokusudia, maana hapo ndipo mtu ataelewa shida ya chora na chura. Muhula wa tatu tuombe mzee mmoja wa hapa mjini anayejua kusoma maandishi ya Kiswahili ya zamani aje atusomee, na tutafute picha ya ukurasa mmoja tu wa hati ya kweli tuusome wote pamoja. Ukurasa mmoja. Gharama ni chaki na saa moja ya Ijumaa jioni.

Walimu wetu wapendwa, mnatuambia kila mara tukienzi Kiswahili. Tutakienzi vipi iwapo tunakijua kuanzia mwaka 1930 tu? Nanyi wanafunzi wenzangu, Ventris alianza akiwa na miaka 14, tena yeye hakuwa na mtu duniani wa kumwuliza herufi hii inasomwaje. Sisi tunaye, yuko darasani mwetu. Mwenye kutaka kujiunga aandike jina lake kwenye ubao wa matangazo wa chama, na mwenye kuzijua herufi aweke alama ya nyota kando ya jina lake, ili tujue walimu wetu ni akina nani.

Mwanachama, Kidato cha Tatu